Kikohozi Changu na Wanakondoo wa Mkwe

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumanne, nilikohoa mara mbili nje ya banda, nikaingia na chupa yangu ya maziwa, nikamkuta mwanakondoo mdogo amelala ubavu, tumbo limemjaa kama mpira. Nimemuua mimi. Naomba niseme hivyo mapema kabla sijaanza kujieleza, maana kujieleza nakuweza sana.

Kile kikohozi hakikuwa cha mafua. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao na wewe baba mkwe hamwonani uso kwa uso. Akisikia unapita, anajificha. Nawe ukikaribia, unakohoa ili apate nafasi ya kukimbia. Hakusemeshi, nawe humsemeshi. Siku hizi wengi wameshaacha.

Na nani aliyesimama kwenye kikao cha kanisa akasema mwiko huu umepitwa na wakati? Mimi! Nilisema vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha nikarudi nyumbani Suma, nikakohoa uani, mkwe wangu akakimbilia nyuma ya jiko na mjukuu wangu mgongoni, nami nikajisikia raha. Ndugu yangu, hiyo raha ndiyo ninayoiungama.

Kondoo mwenyewe alikuwa wa mkwe. Alimnunua kwa fedha ya kuchuma chai, na mpango wake ulikuwa kondoo azae, watoto wakue wauzwe, akodi kibanda cha chipsi pale Msasani, mjini Tukuyu. Mwanangu yuko gereji Mbeya, na mshahara wa gereji mnaujua. Habari hizo nilizipata kupitia mke wangu, kama nilivyozipata habari zote za nyumba yangu mwenyewe.

Kondoo akazaa mapacha usiku wa mvua, akafa. Mtaji wote wa yule binti ukabaki vitoto viwili vinavyotetemeka.

Mke wangu alihangaika navyo siku za mwanzo. Akapata dang'a kwa jirani yetu Asajile, ambaye ng'ombe wake alikuwa ametoka kuzaa, akavinywesha kwa chupa hadi vikasimama. Mara simu ikaja: msiba kwao, Masoko. Akafunga kanga zake, akaniambia, "Baba, wale watoto waangaliwe."

"Nenda na amani," nikamjibu.

Nisichokijua wakati huo ni kwamba dakika chache baadaye, jikoni, alimwambia mkwe maneno yaleyale.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini mengine nimejifunza mwenyewe kwa kusoma. Redio natengeneza, mibuni napogoa, nyuki nafuga. Basi nikasoma habari za wanakondoo yatima. Nikashuka Tukuyu kununua chuchu ya chupa kwenye duka la mzee mmoja ambaye asili ya wazazi wake ni pwani.

"Hongera, mzee mwenzangu!" akasema. "Mama kajifungua nini?"

"Mapacha," nikasema. "Wa kondoo."

Alicheka mpaka akaegemea magunia ya mchele. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kazi.

Nilichemsha chupa, nikapima maziwa kwa sirinji, nikajaribu joto lake kwenye kifundo cha mkono. Sijawahi kuwafanyia hivyo watoto wangu wa kuzaa. Na vile vitoto vilikunywa mpaka tone la mwisho, vikaniangalia, vikalia. Nikafikiri: vina njaa. Kesho yake nikaongeza kipimo.

Sasa sikiliza. Mimi nikikohoa kuingia, mkwe anakimbia. Nikimaliza, nakohoa tena kumpa njia arudi. Yeye alidhani mzee anakuja kukagua banda tu, kwa sababu mzee ni mtu wa kukagua. Basi nikiondoka anaingia na chupa yake, vitoto vinamlilia, naye anafikiri: vina njaa. Anavinywesha upya. Kikohozi changu cha pili kilikuwa kengele ya chakula!

Maziwa yake aliyapata wapi? Kwa ng'ombe wetu. Mkwe ndiye anayemkamua. Mimi nikaona maziwa ya nyumbani yamepungua, nikafanya uchunguzi. Nikachunguza majani, maji, kwato. Nikahitimisha kwamba ng'ombe anahitaji pumba, nikanunua gunia la elfu kumi na tano. Na kwa sababu ya upungufu huo nikawa nanunua lita moja kwa Asajile kila siku, shilingi elfu moja na mia tano, kwa siku tano. Kila kitu nilikichunguza isipokuwa aliyeshika ndoo.

Siku ya tatu vitoto vikaharisha, kinyesi cha njano kama maji. Nikavipa maji ya chumvi na sukari. Baadaye nimekuja kujua kwamba mkwe naye alivipa. Hata matibabu tuliyafanya mara mbili, kila mtu kwa siri yake, hatua ishirini kutoka kwa mwenzake.

Usidhani sikufikiria kuuliza. Nilifikiria. Simu ya mke wangu haikupatikana, kule msibani chaji ilikuwa ya kubahatisha. Nikamwandikia mkwe ujumbe: "Je, kuna chochote unachowapa?" Kisha nikaufuta. Wazee hawakuacha neno lolote kuhusu mwiko na simu, nami sikutaka kuwa wa kwanza kutoa hukumu. Nililitafakari jambo hilo kwa kina siku nzima, na tumbo la mtoto wa watu linajaa.

Ndipo ikafika hiyo Jumanne. Nikaligonga lile tumbo kwa kidole, likalia kama ngoma. Mwenzake alikuwa amesimama, lakini naye amevimba, anasaga meno. Nikampigia simu bwana mifugo, akaja kwa bodaboda, matope mpaka magotini.

"Wanakunywa kiasi gani?" akauliza.

Nikamtajia kipimo na saa zake. Akatikisa kichwa.

"Kipimo hicho hakiwezi kuleta hili. Nani mwingine anawanywesha?"

"Hakuna."

"Mimi," ikasema sauti nyuma ya jiko.

Mkwe wangu ameishi kwangu miaka miwili, na hilo ndilo neno lake la kwanza nililolisikia likielekezwa upande wangu. Bwana mifugo akageuka huku, akageuka kule.

"Mara ngapi, dada?"

"Kila mzee akitoka."

"Mwambie ni makosa, mimi nilikuwa nimeshawapa," nikamwambia bwana mifugo.

"Mwambie mzee sikujua, naye hakusema," ikajibu sauti.

"Jamani! Mimi ni bwana mifugo, siyo mnara wa simu!" Akafungua mkoba wake. "Haya. Mzee, mshike huyu mdogo, miguu ya mbele juu. Dada aje amshike yule. Mimi nizunguke na dawa na kuwakanda. Haraka!"

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Yale ya maziwa yalikuwa ujinga, na ujinga husamehewa. Hapa nilijua. Nilimtazama yule kiumbe anavyovuta pumzi kwa shida, nikatazama ukuta wa jiko, nikasema, "Hawezi kuingia humu nami nimo."

"Akiingia kutatokea nini?"

Na nani aliyeulizwa hivyo? Mimi, niliyepigiwa makofi kanisani!

"Mzee akiruhusu, nakuja," mkwe akasema.

Ilikuwa kazi ya kusema "njoo". Nilichosema ni, "Ngoja nimwite Asajile."

Asajile hakuwa kwake. Alikuwa kituoni anapimisha majani ya chai. Nikamfuata, nikamsubiri apimiwe, maana hakutaka kupoteza zamu yake, tukarudi tunahema. Nikakohoa nje ya banda, nikaingia.

Mdogo alikuwa amekwisha kufunikwa gunia. Mkwe wangu amepiga magoti kwenye majani, amemshika mkubwa miguu ya mbele, bwana mifugo anamkanda tumbo. Aliingia mara tu nilipoondoka, kwa kuwa nilipoondoka mwiko uliondoka nami.

Hakukimbia. Nikakohoa tena, kwa nguvu.

"Tata," akaniita baba kwa Kinyakyusa bila kugeuka, machozi yakimtiririka, "kama kifua kinakusumbua, bwana mifugo ana dawa."

Asajile akatoka nje. Nilimsikia akijaribu kutocheka.

Mkubwa alijamba mara mbili, akapumua, akapona. Bwana mifugo alipokea elfu thelathini na tano za dawa na bodaboda, akaniambia polepole, "Mzee, ungeondoka mapema zaidi, wangepona wote wawili."

Mke wangu aliporudi nilimsimulia kila kitu kwa mpangilio. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilidhani nimeacha watu wazima wawili," akasema, akaingia jikoni, na siku hiyo nilikula ndizi baridi.

Wiki iliyofuata nilinunua kondoo jike kwa laki moja na elfu thelathini. Sikumpa mke wangu ampelekee. Nilienda mwenyewe hadi jikoni, bila kukohoa, nikamkabidhi mkwe kamba mkononi. Ana baka dogo la kuzaliwa kidevuni. Mjukuu wangu analo vilevile, na siku zote nilijiuliza amelirithi wapi.

"Ndaga, tata," akasema. Asante, baba. Na akanitazama.

Ewe unayefuga, usidanganywe na kilio. Mwanakondoo aliyezoea chupa atamlilia yeyote mwenye chupa, hata ameshiba kupasuka. Muulize kwanza mwenzako, na kama mwenzako yuko nyuma ya jiko, mwite atoke. Na ukipigiwa makofi kikaoni, usiyapokee kabla hujafika nyumbani.

Swali lenyewe ni neno moja tu: umewanywesha? Kutokuliuliza kumenigharimu shilingi laki moja na elfu themanini na saba na mia tano.