Tulivyotafuta Maneno Mwaka wa Mafuriko

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na mchezo wa kila Ijumaa. Aliandika neno moja refu ubaoni, na sisi wa darasa la sita, tukiwa wawili wawili, tukatafuta maneno mengine ndani ya herufi zake. Kisha mmoja alisimama kuyasoma kwa sauti. Mimi maneno niliyaona, lakini kusimama kulinishinda. Nikiitwa, darasa lilianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Ijumaa nilizichukia, mpaka mwalimu aliponiketisha na msichana wa Kiorma, jamii ya wafugaji, aliyehamia shuleni kwetu, si mbali na Kulesa.

Yeye hakuogopa mtu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu, na Kiswahili alikivunja alivyotaka, lakini alijua kutafuta. Siku ya kwanza tulipewa "teacher". Nilitaka kuanza na T kwa kuwa ndiyo ilikuwa mbele. Akanishika mkono. Alisema kwanza umtafute ng'ombe mwenye kengele, yule ambaye wengine humfuata, na katika Kiingereza huyo ni E. Ukishampata, tazama nani anakubali kutembea naye. Tukapata "here", tukapata "each", "heat" na "reach". Nilipoandika "that" alilifuta kwa kidole.

"T ni moja hapa," alisema. "Ndama mmoja hanyonyi huku na huku."

Kisha akasimama akayasoma yote, kwa sauti ya mtu anayeita mifugo kutoka ng'ambo ya mto. Wavulana wa nyuma wakatuita bubu na spika yake.

"Spika inasikika," akawajibu. "Nyinyi mnasikika wapi?"

Tangu siku hiyo niliingoja Ijumaa.

Tatizo lilikuwa mvua. Kila mwaka ikianza, watu wake waliwatoa ng'ombe kwenye nyasi za mtoni wakarudi nao bara, na watoto waliwafuata. Ndiyo maana alikuwa mkubwa kuliko sisi na bado yuko la sita. Mama yake na mama yangu walikuwa wakibadilishana maziwa na mahindi tangu hatujazaliwa, kwa hiyo mama yangu alithubutu kuomba jambo. Baba wa msichana alifikiri siku kadhaa, kisha akakubali: ng'ombe wakiondoka, binti abaki kwetu, tujaribu. Mambo yakienda vizuri, atakaa nasi mpaka amalize la nane. Mimi sikuomba kitu kingine mwaka ule. Nilikuwa nikilala nikifikiria kwamba hata la saba tutaketi dawati moja.

Mvua iliyokuja ilikuwa ile ya El Nino. Mto uliingia mashambani, kisha ukaingia nyumbani. Baba yangu alikuwa kazini Malindi na barabara ikakatika, kwa hiyo tulihama sisi watatu, mama na mimi na rafiki yangu, aliyekuwa amebaki kwetu, tukaenda kukaa na majirani kwenye madarasa ya shule, kwa kuwa ndipo palipokuwa na mwinuko. Masomo hayakuwepo. Tulikwaruza herufi ndani ya vifuniko vya soda kwa msumari, tukavimwaga sakafuni na kutafuta maneno mchana kutwa. Katika "stream" tulipata "tea", "meat", "seat" na "team", na jioni moja akapata "master", linalozitumia herufi zote. Alitembea darasa zima akiwaonyesha watu ambao hawakujua Kiingereza.

Mahindi yetu yalioza. Maziwa hayakuwepo. Kilichobaki ni samaki, kambare waliokuwa wakinaswa hata kwenye kiwanja cha mpira. Kwetu Wapokomo hicho ni chakula. Kwao, siku zile, samaki hakuliwa, na aliyemla alisimangwa. Mama alimwekea yeye peke yake uji wa unga wa mwisho. Unga ulipokwisha, alimpakulia kambare huku akigeuza uso. Rafiki yangu alikula akiwa amefumba macho. Siku ya kwanza alitapika. Baada ya siku kadhaa alikuwa akiniomba mkia, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuhame.

Baba yake alifika kwa mtumbwi wa kukodi, amekonda, kanzu imelowa mpaka kiunoni. Alitukuta tunakula. Mifupa ya samaki ilikuwa mbele ya binti yake. Aliitazama, akatoa salamu, akakaa kando. Hakusema lolote juu ya chakula. Nafikiri mama angeyaweza maneno makali kuliko kimya kile. Kwetu mwenye nyumba hangoji mgeni alalamike. Yeye ndiye hutangulia kusema kosa lake.

"Ndugu yangu," mama alisema, "nimeshindwa kumtunza mtoto wako. Mchukue, nisije nikamharibu zaidi."

Mzee alizungusha fimbo yake mikononi.

"Mama," alisema, "umefanya ya kutosha."

Akamwambia binti akusanye nguo. Rafiki yangu alisimama mlangoni na furushi, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama darasani, akingoja nimpe maneno ayasome. Sikuwa nayo. Mtumbwi ukapita juu ya shamba letu la migomba ukaenda.

Maji yalipopungua shule ikafunguliwa. Ijumaa ya kwanza mwalimu aliuliza nitaketi na nani, nikatikisa kichwa. Niliandika maneno yangu, na muda wa kusoma ulipofika nikabaki nimekaa. Hakunilazimisha.

Halafu nikakutana na mama wa rafiki yangu sokoni Garsen. Alikuwa ananunua mahindi, na kibuyu cha maziwa hakuwa nacho. Ng'ombe walikuwa wamekufa karibu wote kwa maradhi yaliyofuata mvua. Binti yuko Bangale kwa shangazi yake, analea watoto, na shule hajapelekwa. Aliniuliza, bila hasira, kama mama yangu alikuwa amemchoka mtoto. Mzee, alisema, alikuja siku ile kuomba tukae na binti zaidi, hata miaka, maana kwao chakula hakikuwepo. Kuhusu samaki, mzee alisema njiani kwamba afadhali huyu anakula. Lakini mwenye nyumba akikwambia ameshindwa, utamwongezea mzigo vipi?

Nilifika nyumbani nikamweleza mama. Alikuwa anatwanga. Aliushika mchi bila kuushusha.

"Alikuja kuniachia?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena, kana kwamba sikusikia vizuri kule sokoni, nami nikarudia yote. Akaulaza mchi chini, akakaa kando ya kinu na unga mikononi.

"Alikuja kuniachia," alisema, "nami nikamrudishia."