Maji ya Salamanda wa Area Ten

Nduwayo aliishi Lilongwe kwa hisani ya wanyama wanne ambao hawakujua kwamba yupo. Walikuwa salamanda wa maji, weupe kama maziwa yaliyodondoshewa chai, wenye vidole kama vya mtoto mchanga na matamvua mekundu yaliyochomoza pande zote mbili za kichwa, ambayo ndiyo wanayopumulia. Wanaowajua husema ni mnyama anayekataa kukua. Ndugu zake wakifika umri hutoka majini na kwenda nchi kavu. Yeye hubaki pale pale alipozaliwa na kuzeekea humo. Pale Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, watu wa aina hiyo hatukuwa nao. Sisi sote tulitolewa majini mapema, bila kuulizwa.

Mwenye wanyama alikuwa Madamu Lisbeth, Mzungu wa Denmark aliyefundisha biolojia chuo kimoja cha mjini. Alikuja Dzaleka mara moja na watu wa kanisa waliokuwa wakigawa mablanketi, na kabla ya kuondoka akauliza kama yupo mkimbizi anayejua kufuga samaki. Watu walicheka kwa adabu. Nduwayo akanyoosha mkono. Bujumbura alikuwa amefanya kazi kwa Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika kwenda Ulaya, wakiwa hai, ndani ya mifuko ya plastiki. Kazi yake ilikuwa kutengeneza maji ya safari. Katika ufundi wote ambao Warundi walivuka nao mipaka mwaka ule wa kukimbia vita, huo ndio uliokuwa umedharauliwa kuliko wote, hata na yeye mwenyewe.

Kazi ilikuja na chumba nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Area Ten, na ruhusa ya kuishi nje ya kambi na mkewe Annonciata na binti yao Carelle. Chumba ndicho kilichokuwa mshahara. Carelle alikuwa na ugonjwa wa damu, ule unaovunja mtoto viungo kwa maumivu bila kumpa kidonda cha kuonyesha mtu. Ukimshika, lazima awekewe dripu haraka, na mara nyingine aongezwe damu. Kutoka Area Ten, mama yake aliweza kumbeba mgongoni hadi hospitali kuu. Kutoka Dzaleka ilibidi kwanza lipatikane gari, na gari kwanza lipate sababu. Mara ya mwisho aliposhikwa kambini, mtoto alifika mjini akiwa hamtambui mama yake. Kwa hiyo salamanda wakifa, chumba kimekwenda. Na chumba kikienda, kila mtu alijua kinachofuata.

Ndiyo maana Nduwayo aliyaheshimu maji kuliko baadhi ya watu wanavyomheshimu askofu. Samaki wa Tanganyika hupenda maji ya uvuguvugu. Salamanda wanataka baridi, ile ya milima ya Bugarama alfajiri, jambo ambalo Lilongwe mwezi wa kumi haikubaliani nalo kabisa. Tena maji ya bomba yana klorini, inayoua vijidudu vya ugonjwa na, ikiwa bado ina nguvu, huchubua ngozi ya salamanda pia. Basi aliyachota katika mabeseni mapana, akayaacha wazi kwenye kivuli cha khonde, yaani baraza, siku mbili, akayakoroga mara kwa mara ili dawa itoke, kisha akayanusa. Pua ndiyo iliyokuwa kipimo. Yakikosa harufu, aliyazungushia magunia yaliyoloweshwa, akatumbukiza chupa za barafu kutoka friji ya Madamu, akachovya mkono aliousuuza bila sabuni, na kusubiri uso wake umwambie kama imetosha.

Annonciata aliyatazama hayo kwa miezi bila kusema neno, na kunyamaza huko kulimgharimu. Yeye alifundishwa maji katika kambi yao ya kwanza, upande wa Uvira, mwaka ambao kipindupindu kilimchukua mama yake asubuhi na kaka yake jioni. Mafunzo yalikuwa mafupi: maji yaliyo wazi ni kifo, maji yanayonuka dawa ni uhai. Tangu hapo alitembea na kichupa cha klorini ndani ya kitenge, na hakuna ndoo iliyopita mbele yake bila kupata haki yake. Mume anayekaa siku mbili akiiondoa dawa ndani ya maji, kwa makusudi, akikoroga ili itoke vizuri, alikuwa fumbo alilomwachia Mungu.

Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na tano, Madamu alikwenda ziwani na wageni. Ijumaa bomba la mtaa mzima likakauka. Kufikia Jumapili, maji pekee yaliyobaki katika nyumba ile, ukiacha machache yaliyochemshwa ya kumezea dawa za Carelle, yalikuwa ya mabeseni ya khonde, na Carelle alikuwa na kiu. Annonciata akafanya alichofundishwa. Kisha akaenda kanisani na mtoto, moyo mweupe.

Jumapili ilikuwa siku ya Nduwayo kuwabadilishia salamanda maji. Alikuwa na mafua ya vumbi, pua imeziba kama mlango wa ofisi ya serikali pale Capital Hill saa ya chakula. Alinusa, hakusikia kitu, akaridhika, akamwaga maji ya zamani, akamimina mapya.

Wanyama ambao kwa kawaida hawakuwa na haraka ya jambo lolote walianza kujirusha ukutani mwa tangi. Matamvua yakapauka. Ngozi ikatoa ute kama uji wa mhogo. Nduwayo alichovya kidole beseni la kwanza akakitia ulimini; kisha la pili; kisha akaketi chini.

Annonciata alimkuta hapo.

"Mama Carelle, nani aligusa maji yangu?"

"Njo mi. Niliweka dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kipindupindu, Baba Carelle! Robine imekauka toka Ijumaa. Mutoto akunywe nini? Maji yenye imelala inje, mudomo wazi, kama mulevi?"

"Uliweka yote?"

"Yote. Ile ya mwisho niliongeza, juu ilikuwa na kadudu."

Ndipo Annonciata alipotazama tangini. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Tutarudi kule?"

Nduwayo aliwaopoa salamanda kwa kitambaa kilicholowa na kuwalaza ndani ya sufuria ya maji yaliyochemshwa, ambayo Annonciata alikuwa ameyaweka kando kwa ajili ya dawa za Carelle. Yalifunika migongo tu. Wanne ndani ya sufuria ya ugali, pumzi na uchafu wao mahali pamoja. Wasingefika kesho humo. Alitaka kuchemsha mengine, na umeme nao ukakatika, maana shida za mjini hutembea kwa jozi. Mbelgiji wake wa zamani alikuwa na chumvi ya wapiga picha, inayomaliza klorini papo hapo. Lakini wapiga picha wa Old Town walikuwa makanisani, wakipiga picha za ubatizo. Matangi ya majirani yalikuwa na maji yale yale ya bomba. Mtoni kulikuwa na sabuni ya nguo za mji mzima.

Alijua mahali pamoja tu penye maji baridi, yatokayo ardhini, ambayo hakuna aliyeyatia kitu. Alikuwa ameapa kutokanyaga tena pale.

Alipanda matola, nyuma ya pikapu iliyokwenda Mponela, akashukia njia panda, akachukua kabaza, na mwendesha baiskeli akamwacha na madumu yake mawili matupu, bidoni kama tunavyoyaita, mbele ya pampu ya Dzaleka. Pale foleni hawapangi watu, wanapanga bidoni. Kila bidoni ina mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe anaweza kwenda kusuka nywele, kugombana, hata kuzaa. Nafasi yake inamngoja. Bidoni ngeni haina nafasi. Aliyeulinda mstari huo alikuwa Irangabiye, mama kutoka mkoa wa Ngozi mwenye mikono ya mtwangaji, ambaye hakuna mkuu wa kambi aliyewahi kumteua wala kuthubutu kumwondoa.

"Ehe! Baba Carelle wa Lilongwe!" alisema. "Kule maji si inatokaka kwa ukuta?"

"Imekatika, dada. Naomba hizi mbili tu."

"Za kunywa?"

Nduwayo angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka. "Za banyama ya Madamu. Salamanda. Kama mijusi, lakini inakaa ndani ya maji."

Wanawake waliangaliana, wakipima kama wamesikia vizuri.

"Mijusi inakunywa maji yetu?" aliuliza mmoja.

"Haikunywe. Inakaa ndani."

"Inaoga!" Pampu nzima ilicheka. "We Baba Carelle, na inakulwaka?"

"Hapana."

"Sasa Muzungu anaichungia nini?"

"Anaiangaliaka."

Hilo liliwamaliza. Irangabiye alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akamwonyesha mwisho wa mstari, ambao siku hiyo ulifika karibu na ukuta wa jela ya zamani iliyogeuzwa kambi. "Enda panga kule, baba. Labda kesho."

"Irangabiye," alisema Nduwayo, "ile mijusi ikikufa, Carelle atarudi huku."

Kicheko kilikatika kama ulivyokatika umeme. Kulikuwa na wanawake pale waliokuwa wamembeba mtoto yule usiku ule wa kutafuta gari. Irangabiye alizisogeza kwa mguu bidoni zake mwenyewe, mbili, zilizokuwa za mbele kabisa, akaweka za Nduwayo mahali pake, akashika mpini wa pampu na kuanza kusukuma.

Njia nzima ya kurudi alizikumbatia bidoni chini ya shati lake alilolilowesha, jua lisizifikie. Alipofika wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alifia mkononi mwake. Wa nne alishushwa ndani ya maji ya Dzaleka, akazama hadi chini kama jiwe, na baada ya muda mrefu tamvua moja likapepea.

Madamu alirudi Jumatatu. Aliinama juu ya tangi mpaka miwani ikataka kudondoka.

"Wengine?"

"Wamekufa, Madamu. Maji. Ni kosa langu."

Nyuma ya mlango Annonciata alikuwa amemshika Carelle.

Madamu hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Pole, Nduwayo," alisema kwa Kifaransa chake cha shule. "Kwa mmoja sitahitaji mtu. Nitamtunza mwenyewe. Nionyeshe tu unavyotayarisha maji."

Alisema kwa upole wa kweli. Nduwayo alitazama mabeseni, magunia, chupa za barafu. Yote yangeonyeshwa kabla chai haijapoa.

"Hayo siyo ya bomba, Madamu," alisema. "Ni ya pampu ya Dzaleka. Huyu ngozi yake imekwisha. Ukimrudisha kwenye maji ya mjini, atakufa."

"Nitamtuma dereva."

"Hawatampa. Kule wanapanga bidoni, na bidoni isiyojulikana haina mstari."

Hilo la kufa hakulijua kwa hakika; hilo la mstari lilikuwa kweli tupu. Madamu alikuwa amefundisha biolojia miaka mingi. Alimtazama salamanda, akamtazama Nduwayo, kisha akautazama mlango, ambao chini yake ilionekana miguu miwili midogo isiyo na viatu.

"Kila wiki?" aliuliza.

"Kila wiki."

"Basi, kila wiki."

Tangu siku hiyo Nduwayo alirudi kambini kila Jumapili ili asirudi kambini. Alipanga bidoni nyuma ya bidoni, alisikiliza matani, alipakia, alikumbatia. Jumapili moja, akiwa bado mstarini, maumivu yalimshika Carelle huko mjini. Annonciata akamfunga mgongoni na kwenda naye kwa miguu, wakafika, dripu ikawekwa. Jioni, getini kwa Madamu, mlinzi wa nyumba alimwambia Nduwayo, naye bado ameshika bidoni mkono huu na huu. Aliuliza kama mtoto anaongea. Akaambiwa anaongea. Akaingia kulowesha magunia.