Gari Lisilopiga Teke

Baba alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, na vyote viwili alivitoa kwa taabu. Kwa hiyo aliposema atamtoa fahali wetu mwekundu ili nipate gari la kujifunzia ufundi, mama alikaa chini. Yeye alikuwa ameshaniazimia cherehani kwa shangazi. Wakapatana: fahali mmoja, gari moja. Likinishinda, nakaa nashona. Na kushona nilikuchukia kuliko klorokwini.

Miaka ile ya tisini magari yalikuwa machache hata Mpanda mjini, sembuse kwetu Kasansa. Tukasikia Kibaoni kuna mfanyabiashara anauza mawili. Tukamswaga fahali hadi huko.

Gari la kwanza lilikuwa jipya, linang'aa. Nikafungua boneti, nikakuta mifuniko na nyaya tupu. La pili lilikuwa pikapu kuukuu, lakini ndani yake kila kitu kilionekana: kabureta hii hapa, plagi zile pale, na katikati uliiona mpaka ardhi. Nikaipenda palepale.

"Hii inaumwa," baba akasema. "Nani ananunua ng'ombe anayeumwa?"

"Baba, isipoumwa nitajifunza nini?"

Akaanza kuyakagua magari kama yuko mnadani. Akayazunguka, akayapapasa mbavu, akainama kuchungulia midomo. Mwenye magari alikohoa kuficha kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwishowe baba akaniuliza, "Kukamua ulijifunzia kwa ng'ombe yupi?"

"Yule mzee."

Kwetu mtoto hapewi ng'ombe kijana. Anaanza na mzee aliyezoea mikono, ambaye ukimvuta vibaya anageuka tu kukutazama.

"Basi," akasema, fimbo ikielekea kwenye pikapu. "Huyu hapigi teke."

Akamkabidhi fahali, akamvua kamba, akajifunga nayo kiunoni. Ng'ombe anauzwa, kamba inarudi nyumbani, ili baraka ya zizi isiondoke. Kamba ile haitolewi wala haikatwi.

Kuendesha nilishajua kwa trekta la jirani. Lakini hatukufika mbali. Kati ya mashamba ya mpunga mkanda wa feni ulikatika, injini ikachemka, moshi juu. Nilikodoa macho kwenye boneti nikaona cherehani inayonisubiri nyumbani. Machozi yalinilengalenga, sifichi.

"Kinatakiwa nini?" baba akauliza.

"Kitu cha kuzungusha feni. Hata kamba."

Akaichungulia feni. Kisha akaifungua kamba ya fahali kiunoni, akaipima kwa macho, akaikata kwa kisu chake mwenyewe.

"Haya, kamua, mama," akaniambia.

Nilifunga fundo, likateleza. Nikafunga tena. Injini ilipopoa tukaiongezea maji ya mfereji, nikawasha, feni ikazunguka. Tulikwenda taratibu, tukipumzika kila ilipochoka.

Mama alitoka kutupokea. Nilipofungua boneti akaiona kamba ya zizi ikizunguka kwenye injini, akamtazama baba kwa muda mrefu.

Asubuhi cherehani ilirudishwa kwa shangazi. Ilibebwa na pikapu.