Lugha Tuliyoipima kwa Jiwe Tupu

Andika kama ninavyosema, Limi, wala usinipambie. Mimi ni mwana wa Luhende, mfugaji, na wa Ng'washi, mfinyanzi wa vyungu. Nilizaliwa upande wa Ushirombo. Shuleni sikuingia hata siku moja.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kambi ya kutafuta dhahabu upande wa Geita, msimamizi wa uchorongaji, yaani kutoboa mashimo ya kuchukua sampuli za mwamba, alinikabidhi nyundo, mifuko, na rundo la mawe yaliyoletwa kutoka Shinyanga.

"Haya hayana dhahabu hata chembe, mzee," alisema. "Kila ukifunga mifuko kumi na tisa ya mwamba tuliochoronga, wa ishirini tia hili. Watu wa maabara wasijue."

Hilo liliitwa jiwe tupu. Maabara ikidai kuona dhahabu ndani yake, basi imekosea, na majibu yake mengine hayaaminiki. Namba za mifuko nilizitambua kwa sura, kama mfugaji anavyowatambua ng'ombe wake, na kila mfuko wa jiwe tupu niliukumbuka. Miaka yote ya tisini hakuna mfuko uliopotea mikononi mwangu.

Mama yako Kabula, binti yangu, alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaajiriwa kuandika fomu za mifuko hiyo katika banda nililofanyia kazi. Kisha kompyuta ikaletwa. Mkuu wa Wajiolojia, mtu wa maneno machache, alituita.

"Fomu zimejaa kabati. Nataka mtu wa kuziingiza katika mashine hii na kuiuliza maswali. Nawapa miezi miwili. Nikimkosa hapa, namleta mtu kutoka Dar es Salaam, na kazi ya fomu itakuwa imekwisha."

Sote tulielewa kuwa Kabula angerudi nyumbani.

Kabula alinieleza kwamba kompyuta hutii maneno machache yaliyopangwa kwa kanuni, na kwamba lugha za namna hiyo ni nyingi, kila moja na kazi yake. Kobol ilikuwa ya mabenki na maofisi makubwa. Pascal ilitumika kufundishia kufikiri kwa mpango. Ya tatu, dBase, ilikuwa ya kutunza orodha na kuziuliza maswali, nayo tayari ilikuwamo katika mashine ya kambi, pamoja na kitabu kilichokwisha kupoteza jalada.

"Ipi ina cheti?" nilimwuliza.

"Kobol, baba. Kuna mwalimu anafundisha mtaa wa Kambarage, Shinyanga."

"Basi utasoma Kobol."

Hapo nilikosea, na kosa lile lilikuwa langu peke yangu. Asiyesoma huheshimu muhuri wa cheti kuliko aliyesoma. Kabula alichukua likizo akaenda Shinyanga mjini. Wiki ya tatu nilimfuata, nikakuta darasa lisilo na kompyuta hata moja. Mwalimu alikuwa akichora visanduku ubaoni.

"Shikamoo mzee," alinipokea.

"Marahaba. Mwanangu ataweza lini kuiuliza mashine ni mifuko ipi ina jiwe tupu?"

"Hilo ni la hatua ya tatu, mzee. Mwakani."

"Na mashine yenyewe?"

"Ipo njiani."

Tulitoka. Katika duka la vitabu la Mhindi mmoja tuliona kitabu cha Pascal, kinene kama tofali.

"Chukua, mzee," alisema mwenye duka. "Ukishindwa kukielewa, kitazuia mlango usipigwe na upepo."

Kabula alikifunua akatafuta swali lile lile. "Mambo ya orodha yako mwisho kabisa, baba. Mpaka nifike huko, huyo wa Dar ameshaoa hapa."

Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa na kipimo mkononi. Kazini tuliijaribu maabara kwa jiwe ambalo jibu lake tulilijua. Kwa nini lugha na vitabu tuviamini bila kuvijaribu? Tulirudi kambini, Kabula akafungua kile kitabu kisicho na jalada. Siku ya tatu mashine ilitaja mawe matupu ya shimo la saba. Aliyasoma, mimi nikiyalinganisha na yaliyo kichwani.

"Umeacha moja," nilimwambia.

Alichunguza, akaona kwamba mfuko mmoja aliuruka alipokuwa akiingiza fomu. Alisahihisha, na orodha ikatimia. Sikumsifu. Nilimwambia aendelee na shimo la nane.

Siku ya mwisho ya ile miezi miwili Mkuu wa Wajiolojia alikuja na majibu mapya ya maabara. Kabula aliyaingiza, akaiuliza mashine ni jiwe tupu lipi limeonekana na dhahabu. Mashine ilitaja mfuko mmoja.

"Umekosea kuandika," alisema Mkuu. "Huo ni mfuko wa mwamba wetu."

Kabula hakufuta. "Mashine imejibu nilichoiuliza, mkuu."

"Nami mfuko huo niliufunga kwa mikono yangu," nilisema. "Ni jiwe la Shinyanga."

Mifuko yote ya shehena ile ilipimwa upya. Ikaonekana kwamba maabara haikusafisha kinu baada ya kusaga mwamba wenye dhahabu nyingi. Mkuu alituita mimi na Kabula mbele ya wachorongaji.

"Mtu wa Dar es Salaam asije," alisema. "Tunaye."

Wachorongaji Wasukuma walimwambia Kabula "wabeja", yaani asante, maana wangechoronga bure mahali pasipo na kitu. Tangu siku hiyo chumba cha kompyuta kilikuwa chake, na mimi nilistaafu nikiwa baba wa mtu aliyeitwa mtaalamu.

Sasa wewe umenionyesha katika simu masomo mengi mno, Python, Java na mengine, ukaniuliza uanze na lipi. Sijui majina hayo. Chagua kwanza swali la kazi unayoifanya, ambalo jibu lake unalijua, kisha kila somo ulipatie siku tatu lijibu. Lisilojibu liache bila aibu, hata kama lina muhuri.

Na tunza madaftari manne ambamo mama yako alijifunzia lugha ile ya mashine, yenye mistari aliyoikata alipokosea. Usiyanakili yakawa safi. Mistari iliyokatwa iache ionekane, wanao waone jinsi alivyofika.