Picha Mbili za Alojz

Tangu Desemba, mpangaji kurasa wa matbaa yetu hapa Silesia hagusi kazi bila kunong'ona. Huweka kidole kwenye skrini, husema "fungua", huitaja picha, husema "funga", ndipo anywe chai yake ya glasi, imeshapoa. Katika programu yake ya kupanga kurasa, picha ikitajwa kati ya mabano hayo ya kufungua na kufunga, jina lake huishia humo. Ikitajwa nje, jina hilo hushika kitabu kizima. Alilijua hili tangu ujana. Lakini kwenye kitabu cha wachimbaji waliokufa, picha mbili alizitaja nje kwa jina moja, Alojz, na ya pili ikakalia mahali pa ile ya kwanza kote. Vitabu vikagawiwa mwezi huo wa Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji. Kesho yake Bi Halupczok, mjane wa Alojz wa kwanza, akaja na chake, akakifungua juu ya kibodi.

"Huyu ni Alojz wa akina Pyka. Wangu yuko wapi?"

"Hayumo, mama. Nimekosea mimi."

Bibi hakugomba. Alikipangusa kitabu kwa mtandio wake, akakifunga.

"Mgodini walichimba siku tisa hawakumpata," akasema. "Na humu pia hayumo."