Kwetu Hakuna Ugonjwa

Kwetu Kamachumu, mshenga alipokuja kuulizia binti, kwanza alipeleleza magonjwa. Ukoo una kifafa? Una ukoma? Una vifo visivyoeleweka? Kila familia ilikuwa na jibu moja, na sisi watoto tulilijua kama sala: kwetu hakuna ugonjwa.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mwalimu, na nilikuwa nimeposwa. Dada yangu mkubwa akaota uvimbe shingoni. Mara kwa mara kichwa kilimgonga, jasho likamtiririka, moyo ukamwenda mbio, kisha yote yakatulia. Hospitalini Bukoba wakapanga kumpasua. Mshenga wa mchumba wangu, mzee wa Rwamishenye, alikuja kumjulia hali na ndizi za maharage. Alikuwa ameketi pale pale daktari alipotuuliza:

“Kuna mwingine katika ukoo aliyeugua hivi? Au aliyekufa ghafla?”

“Hakuna,” alisema Tata, baba yetu.

“Hata mmoja, mzee?”

“Malaria. Na hiyo ni ya wilaya nzima.”

Mshenga alicheka, ameridhika.

Mimi nilichemka. Shangazi, dada yake Tata, tulimzika akiwa na shingo iliyovimba upande mmoja, naye alikuwa akilowa jasho amekaa tu. Babu alianguka akichuma kahawa, hakuamka. Tata alikuwa anamjibu daktari kana kwamba anajibu posa!

“Tata, mwambie.”

“Nyamaza. Nafanya hivi kwa ajili yako.”

“Anayepasuliwa ni nani?”

Nikaeleza mwenyewe, nikianza na babu. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema kuna uvimbe wa tezi unaorithiwa: huota shingoni, na pengine kwenye tezi iliyo juu ya figo. Huo wa juu ya figo usipojulikana mapema, presha hupanda ghafla na mgonjwa anaweza kufia mezani. Akaahirisha upasuaji ampime dada upya na kumpa dawa kwanza. Wiki kadhaa baadaye alipasuliwa, akatoka mzima.

Lakini siku ile mshenga alichukua kofia yake, akaaga kwa adabu zote.

“Umefurahi sasa?” Tata aliniuliza.

Kabla sijajibu, daktari alisema ndugu wote wa damu wapimwe, tuanze na sisi wawili. Tata akainua kidevu. Vidole vya daktari vikiwa shingoni mwake, aliniuliza kwa Kihaya kama mshenga ameshafika mbali, au nikikimbia nitamkuta nimrudishe.