Mnara wa Dadu wa Kondradi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na wala sikuwa kijana. Nilikuwa na mvi tayari, na kiburi kilichozidi umri wangu.

Rafiki yangu Kondradi, mkulima wa mboga wa huko juu Uluguru, alipigwa na kiharusi, akaletwa kwa bintiye hapa Morogoro mjini. Mkono wake ukawa haurushi dadu, unaiangusha tu. Kijiweni tunapocheza ludo wakaanza kumsema: "Kondradi harushi huyu, anaweka sita yake." Na ludo ndiyo pekee iliyokuwa ikimtoa kitandani.

Nikaamua kumtengenezea mnara: kisanduku kirefu cha plaiwudi, dadu unaitumbukiza juu, inagonga vibao vya mteremko humo ndani, inatokea chini imejigeuza yenyewe. Hapo hakuna wa kumsingizia mtu. Nilichora mwenyewe, nikapeleka mchoro kwa Zuhura, binti mwenye mashine ya leza, inayokata ubao kwa mwanga, kule Msamvu.

"Shikamoo mzee. Mbona haya meno ya kuungia umeyaongeza milimita mbili?"

"Marahaba. Za msumeno hizo. Msumeno unakula ubao, hujui?"

"Leza haili hivyo, baba. Inakula kama unywele tu. Hayataingia."

"Mimi niliishia darasa la tatu, na nyumba tatu nimejenga kwa mikono hii. Wewe kata."

Akakata. Hayakuingia. Nikaona aibu kurudi, nikachonga kwa patasi, nikagonga kwa nyundo. Kibao kimoja kikakaa upande, pakabaki mwanya. Nikapaka vanishi juu ya upumbavu wangu, nikaubeba mnara hadi kijiweni.

Jumapili, Kondradi alipotoka misa, akatumbukiza dadu mbele ya watu. Ikagonga mara moja, kimya. Akautikisa mnara kwa mkono wake ule ule. Dadu imenasa kwenye mwanya, haitoki.

"Kondradi, mpaka mashine yako imepooza!" mmoja akasema.

Wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao, ili wasinitazame mimi fundi.

Kondradi akaomba fimbo yake, akaondoka.

Kesho yake nilirudi kwa Zuhura. Akarekebisha vipimo, akakata upya, mnara ukashikana bila hata msumari. Nikampelekea Kondradi. Hakuugusa.

"Ulicheka na wewe, Sefu," akasema, akageukia ukutani.

Tulimzika kabla ya mvua za masika. Sisemi mnara ndio uliomwua. Nasema alikufa bila kurudi kijiweni, na hilo ni langu.

Sasa nakwambia wazi. Ulichokijua kwa msumeno usikilazimishe kwa leza. Kila chombo kina kipimo chake. Anayekuonyesha kosa, hata awe rika la mjukuu wako, msikilize mapema, ubao ukiwa bado mzima. Na ukishaharibu, simama mbele ya watu useme: kosa ni langu, si lake. Mimi maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, mwanangu. Na siku mikono hiyo itakapotetemeka, akupe rafiki asiyecheka.